Wahudumu Walikuwa Wapi?

Mjomba wangu alisimama mara tatu kabla chai haijamiminwa.

Mara ya kwanza alisimama mhudumu alipotuletea menyu. Mara ya pili alisimama bibi mmoja wa meza ya jirani alipoangusha kijiko. Mara ya tatu sikuelewa alichokifuata, mpaka nilipomwona akikinyoosha kwa kiganja kitambaa cha meza kilichokuwa kimepinda upande mmoja, kisha akaketi tena ukingoni mwa kiti, mgongo wima, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Ilikuwa saa kumi ya jioni, kwenye baraza ya Hoteli ya Norfolk, Nairobi. Mjomba alikuwa amekuja kutoka Mombasa kutazamwa macho, na daktari alikuwa amemaliza naye mapema. Mimi ndiye niliyechagua mahali. Kuanzia 1964 hadi 2001 alifanya kazi ya kuhudumia meza katika hoteli za pwani. Maisha yake yote ya ujana na utu uzima aliwapelekea wengine chai, nami nilitaka jioni moja yeye akae, aletewe.

Tulipomaliza, alipanga visahani kwa ukubwa wake, akaweka kisu na uma sambamba, akakikunja kitambaa cha mkono kikawa kama kilemba kidogo. Mikono yake ilifanya hayo yote huku yeye akinieleza habari za harusi ya binti wa jirani. Msichana aliyetuhudumia alikiona kile kilemba, akaacha alichokuwa akikifanya.

“Shikamoo mzee. Nawe ulikuwa kwenye kazi hii?”

“Marahaba, mwanangu. Hii hii.”

Wakazungumza dakika chache lugha yao: nani ana meza ngapi, sinia hubebwa mkono upi, nyayo huuma saa ngapi za zamu. Kwa mara ya kwanza tangu tufike, mjomba alikaa sawasawa kwenye kiti chake.

Tulipotoka aliuliza barabara ile inaitwaje. Nikamwambia ni Harry Thuku, nikamweleza yaliyotokea pale mwaka 1922, kwamba watu walipigwa risasi, na kwamba walowezi waliokuwa kwenye baraza tuliyotoka kunywea chai walifyatua bunduki pamoja na askari. Alisimama, akageuka, akaitazama ile baraza kwa muda mrefu.

“Na wahudumu,” akauliza, “siku hiyo walikuwa wapi?”

Sikuwa na jibu. Swali hilo nimelala nalo na kuamka nalo kwa wiki sita sasa.

## Machi 1922

Harry Thuku alikuwa mpokeaji simu wa serikali, kijana aliyejua kusoma na kuandika, aliyeongoza chama cha East African Association. Alisema hadharani yale ambayo watu walikuwa wakiyanung'unikia majumbani: kodi, kipande (kitambulisho cha kazi ambacho Mwafrika alilazimishwa kukibeba), kukatwa kwa mishahara, na wanawake na wasichana kulazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, akafungiwa katika kituo cha polisi kilichokuwa hatua chache kutoka Norfolk.

Mgomo ukaitishwa. Kufikia tarehe 16, maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika nje ya kituo wakitaka aachiliwe. Wazee wa chama walikwenda kuonana na wakuu wa serikali, wakarudi wakiuambia umati utawanyike. Ndipo mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, alipojitokeza mbele, akawaambia wanaume wachukue nguo yake wampe suruali zao, kwani kiongozi wao yumo ndani nao wamesimama tu. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasogea, na askari wakafyatua. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Hesabu ya serikali ilisema waliokufa ni 21. Walioshuhudia walisema ni wengi zaidi ya hapo. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu.

Hayo yote niliyajua. Nilifundishwa shuleni, nikayasoma tena nikiwa mtu mzima, na kila nilipopita barabara ile niliyakumbuka kidogo. Hata hivyo, katika picha niliyojiwekea kichwani, baraza ya Norfolk ilikuwa na watu wa aina moja tu, yaani wanaume wa Kizungu na bunduki zao na bilauri zao. Haikunijia hata mara moja kwamba bilauri zile zilikuwa zimeletwa na mtu. Ilikuwa mchana. Palikuwa na meza, na penye meza pana mtu anayezunguka baina yake.

Mjomba alimwona mtu huyo papo hapo, kwa sababu ndiye aliyekuwa yeye.

## Walioandika

Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi ya 1904, wakati Nairobi yenyewe ilikuwa na umri wa miaka mitano tu tangu reli kufika. Katika mji wa mabati na matope, hoteli ile ya mawe ilikuwa mahali pa kwanza pa mgeni kupumzisha koo. Makabaila wa Kiingereza walikuwa wengi mno pale hata ikapewa jina la utani la Nyumba ya Malodi, kama lile bunge lao la London. Theodore Roosevelt alifikia pale mwaka 1909, alipokuja kuwinda mara tu baada ya kuondoka madarakani Marekani. Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, ambaye baraza ile kwa miaka mingi iliitwa kwa jina lake, anasimuliwa kuwa aliwahi kuingia na farasi mpaka ukumbi wa kulia chakula.

Nimekisikia kisa cha farasi mara nyingi sana, na siku zote kinasimuliwa kama kisa cha kufurahisha. Wiki hizi nimekuwa nikimfikiria aliyesafisha sakafu.

Ndivyo swali la mjomba lilivyoniharibia visa vyangu. Nimekwenda nalo mpaka Stanley, ile hoteli nyingine kongwe ya katikati ya jiji, ambako kuna baa iitwayo Exchange. Jina hilo linatokana na soko la hisa: lilipoanza mwaka 1954, madalali walikuwa wakikutana katika hoteli hiyo na kuuziana hisa huku wakinywa kahawa. Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kununua hisa mpaka baada ya uhuru. Kila anayekijua kisa hiki hukieleza kama chimbuko la soko letu, nami sina ugomvi na hilo. Ila sasa naiona ile kahawa. Namwona mtu aliyeipeleka mezani, akasimama kidogo nyuma ya kiti akisikia bei za makampuni yanayolima chai na kahawa katika ardhi ambayo huenda ilikuwa ya babu yake, kisha akarudi jikoni na vikombe vitupu.

Stanley pia ndiko uliko mkahawa wa Thorn Tree, wenye mti wa mgunga uani. Zamani wasafiri walikuwa wakibandika pale karatasi za ujumbe: nimeelekea kusini, nisubirini, nimeacha fedha kwa fulani. Wakati hakuna simu ya mkononi, mti ule ulikuwa posta ya wasafiri wa bara zima. Ni jambo zuri, na nalipenda kwa dhati. Lakini limenionyesha kitu kuhusu hoteli hizi ambacho sikuwa nimekiona. Zinakumbukwa kwa maneno ya wageni, kwa sababu wageni ndio walioandika. Waliandika barua, vitabu, shajara na karatasi za kubandika mtini. Waliohudumu walihifadhi yote vichwani, wakastaafu nayo, na wengi wamezikwa nayo.

Nimesoma nilichoweza kukipata kuhusu tarehe 16 Machi. Wazee wa chama wamo. Askari wamo, na walowezi wamo. Katika kurasa nilizozisoma mimi, wahudumu wa Norfolk hawamo.

## Mtu wa chai

Kwa hiyo nilifanya kitu pekee nilichoweza. Nilimpigia simu mjomba kila Ijumaa baada ya Alasiri, nikamwuliza yeye.

Alianza kazi akiwa kijana wa miaka 18, mwaka mmoja baada ya uhuru. Sare ilikuwa kanzu nyeupe, mshipi mwekundu kiunoni na tarbushi nyekundu kichwani. Siku ya kwanza aliambiwa mambo matatu: asionekane akiharakisha, asisikike akiweka sahani mezani, na asijibu jambo ambalo hakuulizwa. Wageni wengine walimwita boi, na waliendelea kumwita hivyo hata alipokuwa na watoto wanne.

Nilimwuliza kuhusu baa. Kwa sehemu kubwa ya utawala wa kikoloni, sheria ilimkataza Mwafrika kunywa vinywaji vikali vya Kizungu, na mimi nilikuwa nikijiandaa kuandika aya kali juu ya mtu anayelazimishwa kubeba asichoruhusiwa kukionja. Mjomba hakuitaka aya yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba sheria ya Mwingereza haikumsumbua hata kidogo, kwa kuwa pombe asingeinywa hata angeletewa bure. Kilichomsumbua ni kuibeba.

“Kuna mambo ambayo mtu akiyanywa ana dhambi, na akiyabeba vilevile ana dhambi. Nami nina watoto wa kulisha.”

Alikwenda kwa msimamizi wake, akaomba apangiwe chai ya asubuhi na chakula cha mchana tu, asipangiwe baa. Akakataliwa. Akaomba tena mwaka uliofuata, akakataliwa tena. Alipokubaliwa ilikuwa imepita miaka sita, na sharti lilikuwa kwamba angeanza zamu saa kumi alfajiri kila siku, bila kubadilishana na mwenzake. Alikubali. Tangu hapo, akasema, wenzake wakamwita Mtu wa Chai, na jina hilo alilipenda kuliko cheo chochote alichopata baadaye.

Nilinyamaza upande wa pili wa simu. Mjomba huyu nimemjua maisha yangu yote. Nilijua kwamba aliamka mapema. Sikuwahi kujua kwamba alikuwa amezinunua alfajiri zile kwa miaka sita ya kuomba.

## Supu

Kuna usiku mwingine wa Norfolk ambao watu wa rika lake hawajausahau. Tarehe 31 Desemba 1980, wageni wakiwa kwenye karamu ya kuukaribisha mwaka mpya, bomu lililipuka hotelini na kubomoa sehemu ya jengo. Watu wapatao 20 walikufa, na zaidi ya 80 walijeruhiwa. Wakati huo hoteli ilikuwa ya ukoo wa Block, Wayahudi ambao mzee wao, Abraham Block, aliinunua mwaka 1927. Shambulio hilo lilihusishwa na msaada ambao Kenya iliwapa Waisraeli katika operesheni ya 1976 ya kuwaokoa mateka kwenye uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda.

Mjomba alikuwa kazini Mombasa usiku ule, kwani wakati wa sikukuu hata Mtu wa Chai aliitwa jioni. Ukumbi ulikuwa umejaa. Msimamizi akaitwa kwenye simu, akarudi uso umembadilika, akawakusanya wahudumu jikoni na kuwaambia kwamba Norfolk imelipuliwa. Mmoja wao alikuwa na nduguye anayefanya kazi pale. Kisha wakaambiwa kwamba wageni wasijue lolote mpaka karamu imalizike.

“Ikawaje?” nikauliza.

“Ilikuwa zamu ya supu. Tukapeleka supu.”

Akanyamaza, halafu akaongeza kwamba yule mwenzao mwenye ndugu Nairobi alipeleka meza zake zote bila kumwaga hata tone. Nduguye alikuwa mzima, lakini hakulijua hilo mpaka kesho yake adhuhuri.

Hapo ndipo nilipohisi kwamba swali aliloniuliza barabarani halikuwa la kutaka habari. Alikuwa akijua jibu lake kwa mikono yake mwenyewe. Mwaka 1922, risasi zilipolia, walikuwako waliokuwa wamejiunga na mgomo na wakawa ndani ya umati. Walikuwako pia waliobaki na sinia mkononi, nyuma ya wale wenye bunduki, wakiwatazama watu wa kwao wakianguka, na baada ya hapo wakaagizwa kuleta nyingine. Siwezi kuthibitisha hata neno moja la sentensi hii kwa karatasi. Naiamini kuliko karatasi nyingi nilizosoma.

## Baraza ya nani

Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa. Kwetu baraza ni benchi la mawe lililojengwa pamoja na nyumba, linalotazama njia. Mwenye nyumba hukaa pale jioni, na mpita njia akichoka hukaa pia, bila kuomba ruhusa, na kahawa ikipita hupewa. Huwezi kumwinua mtu barazani. Ndiyo maana neno hilohilo likawa jina la mahali pa kusikiliza mashauri, na mpaka leo mawaziri wa nchi hukaa katika Baraza. Pale palipo na baraza, anayekaa anahesabiwa.

Norfolk ilichukua umbo la baraza, ikaacha sheria yake. Ilijengwa ili waliokaa wawatazame wapitao, na wapitao wasiweze kukaa. Nimejiuliza kama nilifanya vibaya kumpeleka mjomba pale. Rafiki yangu mmoja, mtu ninayemheshimu, ameniambia kwamba mahali kama pale hapafai kukanyagwa na Mwafrika anayejijua, na kwamba kulipa kwa ajili ya kiti kile ni kulipa mara ya pili. Nimelipima neno lake kwa siku nyingi, nalo lina uzito. Sikubaliani naye. Tukiacha kukaa pale, baraza itabaki na visa vya farasi tu, na msichana yule aliyemwamkia mjomba atabaki akiwahudumia watu wasiojua yeye ni mrithi wa nani.

Jambo linaloniumiza zaidi ni dogo na ni langu. Nilitaka kumpa mjomba zawadi, lakini nusu ya zawadi ile ilikuwa picha niliyotaka kuiona mimi: mzee wetu ameketi pale walipoketi wao. Nilikuwa nimeshaitunga picha kabla sijamwuliza kama anataka chai. Yeye alikuja kwa heshima yangu, akaikalia picha yangu ukingoni mwa kiti kwa saa nzima, na hakunung'unika.

Ningependa hoteli hizi kongwe, zinazojali sana historia zao na kuzipamba ukutani, ziweke pia majina ya waliofanya kazi ndani yake. Nasema majina kamili, pamoja na mwaka wa kuanza na mwaka wa kuondoka. Vitabu vya mishahara huandikwa majina. Kwa sababu ya mshahara tu, watu hawa waliandikwa mahali fulani. Na wale walio hai waulizwe sasa, maana walioanza kazi mwaka wa uhuru wamekaribia au wamepita umri wa miaka 80.

## Kanzu

Ijumaa iliyopita nilimwuliza jambo la mwisho, ambalo lilikuwa limenikaa tangu siku ile nikaliona dogo mno kuuliziwa. Mjomba huvaa kanzu. Huvaa kanzu msikitini, sokoni, benki, na alikuwa amevaa kanzu kwa daktari asubuhi ile. Lakini kabla hatujakwenda Norfolk aliniomba tupitie nyumbani kwangu, akabadilisha, akatoka na suruali na koti langu lililomzidi mabegani. Nilidhani ni baridi ya Nairobi.

Alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka.

Akaniambia kwamba kanzu kwetu ni vazi la mtu mwenye heshima zake, ndilo alilovaa babu yangu, ndilo ambalo bwana harusi huvaa na ndilo la Swala ya Idi. Waliokuja wakalitazama wakaona linapendeza, wakawavisha watu wa kubeba sahani. Kwa miaka mingi alikuwa na kanzu mbili, ya kazini na ya msikitini, na hakuwahi hata siku moja kutoka nje ya lango la hoteli na ile ya kazini. Aliivulia kule, akaikunja kule. Mkewe hakuwahi kuifua.

“Nilijua nikikaa pale na kanzu yangu, atatokea mtu ataniomba maji. Na mimi, mwanangu, ningeinuka nikamletee.”

Sikuweza kusema kitu. Yeye ndiye aliyeendelea, akauliza kama yule msichana bado yupo pale, nikamwambia yupo, kwani nilipita wiki mbili zilizopita akaniuliza hali yake. Akasema nimpelekee salamu, na nimwambie abadilishe viatu, kwa kuwa alimwona akiegemea mguu wa kulia.

Miadi yake ya macho ni tarehe 12 mwezi ujao. Safari hii ni yeye aliyesema tupitie kunywa chai, na ameniambia hatahitaji koti langu.